Mwaka wa Jino la Mama Sabina

Nimefika umri ambao viatu vyangu vyeusi havirudi kabatini. Navivua mlangoni na vumbi lake la makaburini, naviacha hapohapo, kwa sababu najua nitavihitaji tena karibuni. Mwezi uliopita vilinipeleka Kamunyonge, hapa Musoma, nyumbani kwa marehemu Dokta Mafuru, tabibu wa meno ambaye nilifanya kazi chini yake nilipokuwa binti. Nilipewa kiti cha plastiki chini ya turubai, mbele, pamoja na wazee, lakini nilikibeba mwenyewe nikakisogeza hadi nyuma ya nyumba, jirani na mafiga ambako wanawake walikuwa wanasonga ugali. Nilisema nakimbia jua. Ukweli ni kwamba nimeandika namba za magonjwa maisha yangu yote ya kazi, na kazi hiyo imenifundisha kwamba sababu ya kifo hutajwa jikoni kabla haijatajwa kwenye kipaza sauti. Hata chai haikuwa imepoa, nikasikia. "Mzee alikuwaga mzima kabisa," alisema mama mmoja, anachambua mchicha. "Tangu yule mkwe aje kumpikia ndo akawa wa kulala tu." Mwenzake akajibu, "Mimi sijasema kitu." Yule mkwe, binti mwembamba aliyemuuguza mzee hadi dakika ya mwisho, alikuwa amechuchumaa hatua chache kutoka pale, anaosha sahani, na niliona mabega yake yakikaza. Nilichoka ghafla, uchovu ambao hauondoki kwa kulala. Maneno hayo nilikuwa nimeyasikia zamani, karibu vilevile yalivyo, huko Butiama, nikiwa na umri wa yule binti.

Mwaka ninaousema nilikuwa nimetoka chuoni na cheti cha kutunza kumbukumbu za wagonjwa, nikapangiwa kituo kimoja cha afya Bunda. Walinipa meza kwenye chumba kilichokuwa nusu ya chumba. Nusu ya pili ilikuwa ya meno, na katikati fundi alikuwa amepigilia mbao nyembamba ambazo hazikufika darini. Upande wangu kulikuwa na mafaili, dirisha lenye wavu uliotoboka, na kitabu kinene cha namba za magonjwa. Upande wa pili kulikuwa na kiti cha kung'olea meno ambacho hakikulala vizuri, ndoo, na harufu ya mafuta ya karafuu ambayo mpaka leo nikiisikia kwenye pilau naona kwanza taya za watu. Kila neno lililosemwa kwenye kile kiti lilipita juu ya mbao likanifikia. Nilisikia wanaume wazima wakisali. Nilimsikia askari mmoja akimwita mama yake. Halafu mlango ulifunguliwa, kadi ikaletwa mezani kwangu, nami nilitakiwa kugeuza kilio kile kuwa herufi moja na tarakimu kadhaa, kwa kuwa siku hizo bima zilikuwa zimeanza kurudisha madai yasiyo na namba, na mkoa nao ulitaka kujua watu wake wanaumwa nini.

Shida ilikuwa Dokta Mafuru mwenyewe. Vyeti vyake vilimwita tabibu lakini Bunda nzima ilimwita Dokta, na yeye alikuwa mtu wa maneno machache aliyekula muhogo wa kuchemsha na chai ya rangi akiwa amesimama, kwa sababu akikaa, alisema, hatainuka. Kwenye kila kadi aliandika neno moja: jino. Nikamrudishia ya kwanza. "Dokta, jino lina nini?" Akaniangalia juu ya miwani. "Linauma." Nikamwambia kitabu hakina namba ya linauma. Akacheka kidogo, akaichukua kadi, akaandika: linauma sana. Ilimchukua muda kunizoea, na mimi kumzoea, lakini siku moja foleni ilipoisha alikuja upande wangu na kikombe chake, akafungua kitabu penye K04, akanifundisha ambacho chuoni hatukufundishwa. Jino likioza likafa, alisema, usaha unakusanyika kwenye mzizi. Huo usaha ukitoboa ufizi ukapata pa kutokea, hiyo ni K04.6, inanuka lakini haina haraka. Usipopata tundu ni K04.7. "Hiyo ndo ya kuogopa, Perusi. Usaha haukaagi tu pale. Ukikosa mlango unatafuta njia, na njia zenyewe zinashuka shingoni." Toka siku ile akawa ananitajia namba kupitia juu ya mbao, mgonjwa akiwa bado kwenye kiti. Wagonjwa walidhani anaita dawa.

Nilipanga chumba kwa Mama Sabina, nyuma ya barabara kubwa. Nyumba yake ilikuwa na sebule yenye makochi ya vitambaa vya kufuma ambavyo hakuna aliyeruhusiwa kuvilalia, na jiko la nje ambako ndiko maisha yalikuwa. Mume wake, Mzee Magesa, alikuwa mtu wa Butiama, mpole, fundi wa baiskeli, anayerudi na mafuta mikononi na kuambiwa asiguse kitu. Mama Sabina alikuwa mnene, mwenye kicheko, mkali wa chumvi. Alinilisha sato wa mchuzi wa nyanya na ugali wa muhogo uliochanganywa na mtama, akinitazama kila tonge, akisema nimetumwa kutoka kwetu kuja kumwaibisha kwa ukondefu. Jirani yetu wa ukuta kwa ukuta alikuwa Bi Zuhura. Watu wake walitoka mahali pengi, babu mmoja Ujiji, mwingine hata yeye hakujua, lakini yeye alizaliwa Bunda na hakuwa na kwao kwingine. Alikuwa anauza uji wa ulezi na maandazi karibu na stendi, na asubuhi wasafiri, makondakta na walimu walisimama kumzunguka na vikombe vyao. Hawa wanawake wawili waligombana kila siku juu ya kuku wanaovuka uzio, na kila jioni walikaa mkeka mmoja. Mwezi wa Ramadhani Mama Sabina, Mkristo wa kuimba kwaya, hakupika jioni. Alisema tambi za Zuhura zinamtosha.

Jino lake lilianza mvua zilipoanza. Kwanza aliliwekea karafuu, halafu chumvi, halafu ugoro aliopewa na mtu wa kwaya. Mimi nilimwambia aje kazini kwangu, akasema kile kiti anakisikia tu nikisimulia na inatosha. Siku aliyokuja hatimaye shavu lilikuwa limejaa hadi jicho limekuwa dogo. Nilikuwa mezani kwangu, na yote niliyasikia. "Tunatoa leo," Dokta Mafuru alisema. "Dokta, limevimba." "Ndiyo maana tunatoa." Mama Sabina akasema kwa sauti ya mtu anayemwonea huruma mwenzake asiyejua, "Jino likivimba haling'olewagi, Dokta. Mpaka linywee. Ukiling'oa na uvimbe mtu anakufa. Hata mama mkwe amenikataza." Nilijua angesema hivyo. Kila mtu alisema hivyo, Bunda, Musoma, vijiji vya Suguti, mpaka walimu na wachungaji, na mimi mwenyewe nililelewa hivyo. Dokta alimweleza taratibu, akamweleza tena. Alimwambia uvimbe ndio sababu ya kutoa. Mama Sabina alimshukuru, akapokea vidonge, akaahidi kurudi ukinywea. "K04.7," Dokta aliniambia juu ya mbao, na sauti yake ilikuwa ndogo. Nikaandika. Jioni nilimsihi nyumbani, na Mzee Magesa akaniambia kwa upole, "Mwache kwanza upungue, binti yangu. Hatukatai hospitali."

Uvimbe haukupungua. Ulihama. Ulitoka shavuni ukaingia chini ya kidevu, ukawa mgumu kama ubao, na ulimi ukainuka mdomoni hadi maneno yake yakawa hayaeleweki. Ugali ulishindikana, hata mchuzi ulishindikana. Kitu pekee kilichopita ni uji wa Bi Zuhura, mwepesi, uliotiwa limao, ambao alimnywesha kwa kijiko cha mtoto, akimfuta kila tone, akimsema juu ya kuku wake ili amchekeshe. Asubuhi ya mwisho alikunywa vijiko vichache, akamshika Zuhura mkono, akaanza kuvuta pumzi kwa sauti. Nilikimbia kumwita Dokta Mafuru. Aliingia chumbani, akamtazama shingoni, akatoka nje kutafuta gari. Mzee Magesa na majirani walimpeleka Musoma, hospitali kubwa. Alifariki kabla ya jua kuzama, na daktari aliyekuwa zamu, ambaye simlaumu kwani alikuwa amempokea mtu anayekata roho bila maelezo yoyote, aliandika kwenye karatasi ya kifo mstari mmoja tu: kushindwa kupumua.

Hapa ndipo nataka vijana wanaofanya kazi yangu wanisikilize, maana wananiuliza kwa nini nilikuwa mkorofi nikiona kadi zenye neno hilo. Hakuna maiti ambayo haikushindwa kupumua. Sheria ya kazi yetu inasema anza na kilichoanzisha, mstari wa chini, halafu panda. Jino likafa, usaha ukakosa mlango, ukashuka shingoni, shingo ikaziba njia ya hewa. Hiyo ndiyo hadithi nzima, na kila hatua ina namba yake. Ukiandika hatua ya mwisho peke yake umewaachia watu nafasi tupu, na watu hawawezi kuvumilia nafasi tupu. Watamweka mtu.

Walimweka Bi Zuhura. Tulipofika Butiama kwa mazishi, maneno yalikuwa yameshatutangulia. Tulikwenda watatu kutoka Bunda, mimi, Dokta na yeye, naye alibeba sufuria la wali alioupika alfajiri na kulifunga kwa kanga. Liliwekwa kwenye kona ya jikoni. Wanawake walipakua ugali, wakapakua dagaa, wakapakua maharage ya majirani wote, lile sufuria halikufunguliwa. Bi Zuhura aliona. Alikaa kwenye mkeka na mtandio wake, wanawake waliokuwa karibu naye wakahama mmoja mmoja kwa visingizio vya watoto. Baada ya kuzika, mdogo wake Mzee Magesa alisimama na ile karatasi, akaisoma. "Kushindwa kupumua," alisema, akaikunja. "Mtu mzima, mwenye nguvu zake. Anakunywa uji, koo linaziba. Uji wenyewe tunajua umetoka kwa nani. Sisi hatuna maneno mengi. Tutakaa kama ukoo, halafu tutakwenda Bunda kuuliza." Hakuna aliyepiga kelele. Wanaume waliitikia kwa kichwa tu, na hapo ndipo niliogopa, nikijua mwanamke anayeuza uji stendi atafanywa nini, na kibanda chake cha mbao kitafanywa nini, hata kama hakuna mkono utakaoinuliwa.

Dokta Mafuru hakuwa mtu wa kusimama mbele za watu. Na kwetu hilo alilofanya si adabu. Msibani hatutaji ugonjwa. Tunasema marehemu alisumbuliwa na maradhi, tunasema Mungu amempenda, basi. Alisimama akavua miwani, kwa hiyo nadhani hakutaka kuona nyuso zetu. Alisema, "Mimi ndiye niliyemwona Mama Sabina mgonjwa. Aliumwa jino. Lilitunga usaha, usaha ukashuka hapa." Akajishika chini ya kidevu. "Ndo uliomziba. Ulikuwa umeanza kushuka kabla hajanywa huo uji. Uji alikunywa kwa sababu kingine hakikupita." Mtu akacheka nyuma. Yule mdogo mtu akasema, "Dokta, mtu hafi kwa jino." Dokta akasema, "Nilitaka kulitoa. Alikataa kwa vile limevimba. Nami sikumlazimisha." Nikadhani amemaliza. Halafu akauliza, bila ukali wowote, kama alivyokuwa anauliza linauma wapi, "Nani alimwambia jino lililovimba haling'olewi?"

Kila mmoja wetu pale alikuwa amelisema neno hilo kwa mtu fulani, wakati fulani. Mama mkwe wa marehemu, bibi mfupi aliyekuwa amekaa chini ameegemea ukuta, ndiye aliyefungua mdomo. "Mimi," alisema. "Nilimpelekea salamu kwa mtu wa baiskeli. Nilimwambia asubiri." Mzee Magesa, akiwa ameinamisha kichwa, akasema, "Na mimi." Mwanamke wa kwaya aliyekuja kutoka Bunda kwa gari lingine akaanza kulia, akasema yeye pia, tena alimpa ugoro. Neno hilo, na mimi, likawa linapita kutoka mkeka hadi mkeka. Yule mdogo mtu alibaki amesimama na karatasi yake mpaka mtu akamvuta shati akae. Bibi alimtazama Bi Zuhura. "Ule uji ulikuwa wa nini?" "Wa ulezi, mama. Na limao." "Alikuwa anaupenda?" "Alikuwaga anasema hauna sukari. Lakini alikunywa." Bibi akafikiri. "Nenda ukanipikie na mimi," akasema. "Tangu juzi sijala." Bi Zuhura alipika huku watu wote wanamwangalia mikono, na bibi alikunywa kikombe kizima pale pale ukutani, taratibu, akakirudisha kikiwa kitupu. Ndipo mtu mmoja akaenda kona ya jikoni akafungua lile sufuria.

Ningependa kuishia hapo, lakini nilirudi Bunda na wale watu wawili na najua yaliyofuata. Ndani ya gari Dokta Mafuru aliegemeza kichwa kwenye kioo. "Perusi," aliniambia, "nimemtua mmoja mzigo, nimewatwisha wengine wote." Mzee Magesa aliufunga mlango wa sebule yenye vitambaa, akarudi Butiama, na kila nilipomkuta alinisalimia kwa upole uleule, halafu akaniuliza swali lilelile, kama angemruhusu siku ile angepona. Nilimwambia sijui. Ilikuwa ni uongo na sote wawili tulijua. Bi Zuhura hakufuatwa na mtu. Hata hivyo wapo waliopita stendi asubuhi wakaenda kunywa chai upande wa pili, na walichelewa sana kurudi. Mama wa kwaya alirudi mapema kwenye uji, na mtoto wake alipovimba shavu, akamleta kwa Dokta moja kwa moja. "Litoe, Dokta," nilimsikia akisema kupitia juu ya mbao. Nikaandika namba yake bila kuambiwa. Nilihamishiwa Musoma mwaka uliofuata, nikaandika namba mpaka macho yakachoka na kompyuta zikaja kuandika haraka kuliko mimi.

Kule Kamunyonge, kabla hatujatoka kwenda makaburini, Bi Zuhura alifika. Sikuwa nimemwona kwa muda mrefu. Alishuka kwenye bajaji ameshikwa mkono na mjukuu, mtandio mweupe, mgongo umekunjika, akanitambua kabla sijamtambua. "Shikamoo, Bi Zuhura." "Marahaba, Perusi. Bado umekonda." Nikamletea kiti changu pembeni ya turubai, nikatafuta kingine. Alikaa, akatulia, na nilimwona anasikiliza kule nyuma, kwenye mafiga, kama nilivyokuwa nasikiliza mimi. Nadhani aliyapata yote, maana alimtazama yule binti wa sahani kwa muda mrefu sana.

Kijana mkubwa wa marehemu alisimama kusoma wasifu. Aliusoma vizuri. Bunda ilipata sentensi moja: alifanya kazi Bunda kwa bidii. Alipofika mwishoni akasoma tunavyosoma wote, kwamba baba aliugua kwa muda mfupi, akaanza kukunja karatasi. "Ugonjwa gani?" Ilikuwa sauti ya kizee, na watu wa mbele waligeuka. Kijana akatabasamu kwa heshima. "Bibi, maradhi tu." "Nimesikia maradhi. Nauliza yapi." Mchungaji akakohoa. Mtu mmoja karibu yangu akanong'ona kwamba umri ni kitu kibaya. Bi Zuhura alikuwa ameshashika fimbo yake, anajaribu kusimama, na nilimshika kiwiko nikamwinua, na magoti yetu yote yakalia. Kijana alitazama mama yake, akatazama karatasi ambayo haikuwa na jibu. "Presha," alisema mwishowe. "Alikuwa na presha miaka mingi. Ikaharibu figo. Alikufa kwa figo." Kichwani mwangu namba zilijipanga zenyewe, ya presha chini, ya figo juu, kama marehemu alivyonifundisha. Bi Zuhura hakukaa.

"Rudia, mwanangu," alisema. "Wale wa jikoni hawajasikia."